Baisikeli Safarini: Jinsi ya Kuipeleka Mbali kwa Meli na kwa Ndege

Katika maongezi ya leo twataka kueleza jinsi baisikeli inavyosafirishwa safari ya mbali, kwa meli na kwa ndege, hata ifike kwetu Bariadi. Huenda mtu akasema, "Jambo hili latuhusu nini? Baisikeli hupandwa, haibebwi." Lakini kila baisikeli ipitayo mbele ya nyumba zetu ilibebwa kwanza ndipo ikapandwa. Zile za Raleigh tulizozijua tangu utoto zilitoka Nottingham katika Uingereza. Zile za Phoenix zilitoka Shanghai katika China. Zile za Hero hutoka Ludhiana katika Bara Hindi. Zote zilivuka bahari zikiwa zimelala kashani.

Kazi ya baisikeli katika Usukuma haina haja ya kuelezwa. Huteka maji, huchukua magunia ya pamba mpaka penye mizani, humfikisha mgonjwa zahanati, humwahisha mwanafunzi shuleni. Kwa sababu hiyo watoto wetu walio mbali, katika Dar es Salaam, au Oman, au Ulaya, wapatapo fedha kidogo huwaza kumpelekea baba au mama baisikeli. Nia hiyo ni njema sana. Lakini mara nyingine nauli hushinda bei ya baisikeli yenyewe. Mara nyingine hufika gurudumu limepinda na uma umekunjika. Na mara nyingine mzigo hukaa bandarini mpaka malipo ya kuutunza yakaimeza thamani yake. Hasara hizi zote zaweza kuepukwa na mtu ajuaye mambo machache, nayo ndiyo tutakayoyataja.

Jambo la kwanza ni hili: baisikeli imejaa upepo. Itazame imesimama ukutani. Kati ya magurudumu pana nafasi tupu, ndani ya fremu pana nafasi tupu, na usukani na pedali zimetanda kando kama mikono ya mtu aombaye njia. Chuma chake chote, ukikiweka pamoja, ni kilo 15 au 20 tu. Lakini meli na ndege haziuzi uzito peke yake; huuza na nafasi. Mzigo mwepesi uchukuao nafasi kubwa humzuia mwingine kupakia mzigo wake, kwa hiyo mwenye chombo hutaka kulipwa kwa nafasi hiyo.

Na tufanye hesabu, ninyi wanafunzi mchukue kalamu. Katika shehena ya ndege, desturi iliyoenea ni kwamba kila sentimita za ujazo 6,000 huhesabiwa kuwa kilo 1. Kisha uzito huo wa hesabu hulinganishwa na uzito wa mizani, na nauli hutozwa kwa ule uliozidi. Twaa baisikeli nzima, haikufunguliwa hata nati moja. Urefu wake ni sentimita 180, kimo chake sentimita 110, na upana wa usukani sentimita 60. Zidisha: 180 mara 110 mara 60, utapata 1,188,000. Gawanya kwa 6,000, utapata 198. Maana yake, baisikeli ya kilo 20 italipiwa kama mzigo wa kilo 198!

Sasa ifungue, uilaze katika kasha la karatasi ngumu lenye urefu wa sentimita 140, kimo 80, na upana 20. Zidisha tena, utapata 224,000. Gawanya kwa 6,000, utapata 37 na kidogo. Baisikeli ni ile ile, wala haikupungua hata spoku moja; lakini nauli imeshuka kuwa chini ya sehemu moja ya tano. Kampuni nyingine za vifurushi vya haraka hugawanya kwa 5,000 badala ya 6,000, na hapo nauli huzidi. Basi mtu aulize kwanza wanagawanya kwa ngapi, kabla hajakabidhi mzigo wake.

Kwa njia ya bahari kipimo ni kingine. Mwenye shehena ndogo, asiyeweza kujaza kontena peke yake, hulipa kwa mita ya ujazo au kwa tani, kile kilicho kikubwa zaidi. Baisikeli nzima yataka zaidi ya mita moja ya ujazo; zilizofungwa makashani, nne hukaa ndani ya mita moja na nafasi ikabaki. Ndiyo maana wafanya biashara hawaleti baisikeli nzima nzima. Huja vipande vipande, na mafundi wa huku huziunganisha.

Ufundi huu si wa baisikeli peke yake. Meli ya Goetzen, ambayo leo yaitwa Liemba, iliundwa Papenburg katika Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa yote, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000. Makasha hayo yaliletwa kwa bahari mpaka Dar es Salaam, yakachukuliwa kwa gari la moshi kwenda Kigoma, na mwaka 1915 meli ikashushwa katika Ziwa Tanganyika. Hata meli ya Victoria, ambayo watu wa Mwanza na Bukoba waijua sana, iliundwa Scotland, ikafunguliwa, ikaunganishwa upya Kisumu, ikaanza kazi yake ziwani mwaka 1961. Ikiwa meli nzima yaweza kusafiri kwa vipande na kuelea tena, baisikeli nayo yaweza.

Lakini kabla ya kushika spana, mpelekaji ajiulize: baisikeli hii itapata vipuri huko iendako? Hapa pana mtego usioonekana kwa macho. Baisikeli nyingi ndefu zitumikazo kwetu zina magurudumu yaitwayo 28. Na baisikeli nyingi za Ulaya nazo zina magurudumu yaitwayo 28. Jina ni moja, kipimo ni mbali mbali. Tazama ubavuni mwa tairi, utaona tarakimu mbili zimeandikwa pamoja, kama 40-635 au 40-622. Tarakimu ya pili ndiyo kipimo cha pale tairi linapokalia rimu, kwa milimita. Tairi la 622 halipandi katika rimu ya 635, na la 635 hulegea katika rimu ya 622. Vivyo hivyo kwa zile ziitwazo 26: ziko za 559 na ziko za 590. Basi mwana aliye ng'ambo na aandike barua, au apige simu nyumbani, aulize tarakimu za matairi yauzwayo dukani Bariadi au Mwanza. Asipofanya hivyo, tairi la kwanza litakapochakaa kwa miiba ya mbugani, baisikeli itaegemezwa ukutani na haitatoka tena.

Haya, tuseme yafaa kupelekwa. Ifungwe namna gani? Kwanza ioshwe na kukaushwa. Udongo na mbegu zilizoshikamana na matairi huchukiwa na wakaguzi wa nchi nyingi, kama Australia na New Zealand, maana waogopa magonjwa ya mimea. Nao waweza kuuzuia mzigo. Kisha piga alama kwa kalamu au kwa utepe pale nguzo ya kiti iingiapo katika fremu, ili mpokeaji ajue kimo chake. Zitoe keria na madigadi. Kama breki ni za vyuma virefu, fungua vyuma hivyo kwanza, usivivute kwa nguvu.

Halafu pedali. Hapa ndipo wengi huharibu. Pedali ya kuume hufunguliwa kama nati nyingine, kwa kuzungusha kinyume cha mwendo wa mshale wa saa. Pedali ya kushoto meno yake yamekatwa kinyume, nayo hufunguliwa kwa kufuata mwendo wa mshale wa saa. Aliyeiunda alikusudia hivyo, ili mpandaji asiilegeze kwa kukanyaga. Asiyejua huivuta upande usiofaa, akaikaza zaidi, au akayala meno ya mkono wa pedali hata usishike tena. Kanuni nyepesi ni hii: simamisha spana juu ya pedali, kisha uivute kuelekea gurudumu la nyuma. Pande zote mbili zitafunguka. Wakati wa kufunga, vuta kuelekea gurudumu la mbele.

Usukani wa baisikeli za zamani hushikwa na kabari iliyo ndani ya bomba. Legeza bolti yake ya juu mizunguko michache, weka kipande cha mti juu yake, gonga kidogo kwa nyundo. Kabari itashuka, na usukani utatoka bila kushindana. Nguzo ya kiti itolewe au ishushwe kabisa. Gurudumu la mbele litolewe, na kati ya miguu miwili ya uma kitiwe kipande cha mti chenye urefu sawa na nafasi ile, kikafungwe imara. Kipande hiki kidogo chaokoa mambo makubwa, kwa sababu mzigo mzito ukiangukia kasha, uma usio na kitu ndani yake hukunjwa. Ukitoa na gurudumu la nyuma, fanya vivyo hivyo.

Nati, bolti na pedali zote zitiwe katika mfuko wa nguo, na mfuko ufungwe kwa kamba katika fremu. Usiziache zikitembea ndani ya kasha, maana zitaitoboa karatasi, zidondoke njiani moja moja. Funika mnyororo kwa kitambaa, tia magazeti au majani makavu ya karatasi mahali chuma kigusanapo na chuma. Andika jina na mahali paendapo mzigo juu ya kasha, na karatasi nyingine yenye maneno hayo hayo uiweke ndani. Ya nje ikibanduka au ikilowa, ya ndani itasema.

Sasa tuzitazame njia zenyewe. Kwa ndege, msafiri aweza kuichukua baisikeli pamoja na mizigo yake, lakini si bila kutoa habari mapema. Kampuni nyingi huweka kipimo cha kilo 23 kwa mzigo mmoja wa abiria wa kawaida, na jumla ya urefu, upana na kimo isizidi sentimita 158. Kasha letu ni 140 na 80 na 20, jumla 240. Kwa hiyo laweza kuwa zuri kwa uzito lakini limezidi kwa ukubwa. Kampuni nyingine husamehe baisikeli, nyingine hutoza ada. Na ndege ndogo huenda mlango wa shehena usilipitishe kasha kabisa. Swali hili liulizwe kabla ya kununua tikiti, si mbele ya mizani ya uwanjani.

Kampuni nyingi pia huamuru upepo wa matairi upunguzwe. Watu husema kwamba tairi litapasuka angani. Tupime neno hili. Usawa wa bahari, hewa hutukandamiza kwa kadiri ya kilo 1 kwa kila sentimita ya mraba. Ndani ya ndege kubwa hewa hutunzwa isiwe nyepesi kupita ile ya mlima wa mita 2,400, yaani robo tatu ya ile ya pwani. Basi tairi lililojazwa Dar es Salaam litaona tofauti ya robo kilo tu kwa kila sentimita ya mraba, na lenyewe limezoea kuchukua kilo 3 au zaidi. Sisi tukaao karibu na Ziwa Victoria tu juu ya bahari kwa mita zaidi ya 1,100 tayari, na tofauti kwetu ni ndogo zaidi. Tairi zima halipasuki kwa hilo. Lakini amri ya mwenye chombo ni amri. Punguza upepo, ila usiutoe wote, maana upepo kidogo huilinda rimu kasha linapotupwa chini.

Viko vitu visivyopanda ndege. Gundi ya viraka huwaka moto upesi, isitiwe mzigoni. Baisikeli za umeme zina betri ya lithiamu, na betri ipitayo wati-saa 160 hairuhusiwi katika mizigo ya abiria. Betri nyingi za baisikeli hizo hupita kiasi hicho. Mtu asiifiche, moto wa betri angani ni hatari kwa roho za watu wote waliomo.

Kwa njia ya bahari safari ni ya majuma mengi, lakini nauli ni nafuu zaidi. Siku hizi karibu shehena yote ya namna hii huja katika kontena. Kontena za namna ya leo zilianza kazi tarehe 26 Aprili 1956, meli ya Ideal-X ilipochukua kontena 58 kutoka Newark kwenda Houston katika Marekani, kwa shauri la Malcom McLean. Kabla ya hapo makuli walibeba kila gunia na kila kasha mmoja mmoja, na vingi vilivunjika au kupotea. Kontena lilipunguza hasara hiyo, ila lina adui yake, nayo ni jasho. Hewa yenye unyevu hufungiwa ndani. Usiku wa baridi ukija, maji huganda matone matone darini na kudondoka juu ya mizigo. Ongeza na chumvi ya bahari, na chuma hupata kutu. Kwa hiyo paka mafuta mazito katika mnyororo, katika spoku, katika kila nati, na ndani ya bomba la nguzo ya kiti, kabla ya kufunga kasha.

Pamoja na kasha huenda karatasi, na karatasi zina nguvu kuliko kamba. Iliyo kubwa ni hati ya shehena. Jina la mpokeaji liandikwe humo kama lilivyo katika kitambulisho chake, herufi kwa herufi. Mzee aliyeandikwa kwa jina la utani atapata taabu kubwa kuthibitisha kwamba ndiye. Kisha orodha ya vilivyomo na bei ya kweli. Katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, kitu kilichokuja kwa bahari hukadiriwa kwa kujumlisha bei yake, bima yake na nauli yake. Ushuru huhesabiwa juu ya jumla hiyo. Kwa hiyo aliyelipia nauli ya upepo ameongeza na ushuru. Wala neno "zawadi" likiandikwa juu ya kasha haliufuti ushuru kwa nguvu zake lenyewe. Karatasi zitangulie, mzigo ufuate, na wakala wa forodha awe amekwisha kupatikana kabla meli haijatia nanga. Maana siku za bure bandarini ni chache, na baada yake kila siku ina malipo yake. Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

Baada ya bandari bado iko safari ya nchi kavu. Kasha laweza kuja kwa lori au kwa basi kwa njia ya Dodoma, Singida na Shinyanga, likapinda Mwigumbi, likapita Maswa hata Bariadi. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, nayo yapita Malampaka katika wilaya ya Maswa. Huko ndiko kituo cha gari la moshi kilicho katika mkoa wetu. Ajaye kwa ndege hushuka Mwanza, akafuata barabara ya Magu na Lamadi. Katika basi, omba kasha lisimamishwe, lisilazwe chini ya magunia. Ikiwa baisikeli imefungwa juu ya basi bila kasha, upande wenye mnyororo uwe juu, na kamba ipite katika fremu, isipite katika spoku.

Kasha likifika, lifunguliwe mbele ya aliyelileta, kabla ya kutia sahihi. Kikionekana kilichovunjika, kiandikwe katika karatasi ya kupokelea saa ile ile, na picha ipigwe. Kisha iunganishwe bila haraka. Kiti kirudishwe penye alama. Shika gurudumu la mbele kati ya magoti, ujaribu kuupinda usukani. Ukipinda peke yake, haujakazwa bado. Zungusha magurudumu, ubane breki, na mtu mzima aipande kwanza mahali tambarare, kabla mtoto hajatumwa nayo dukani.

Mwisho twasema juu ya fedha, bila kuficha. Kwa baisikeli ya kawaida ya kazi, mara nyingi ni afadhali mwana apeleke fedha, na baba ajinunulie Bariadi au Mwanza baisikeli ambayo vipuri vyake viko na fundi wake aijua. Kusafirisha kwafaa kwa baisikeli isiyopatikana kwetu: ya mashindano, au ya magurudumu matatu ya kuzungushwa kwa mikono kwa ajili ya mtu asiyeweza kutumia miguu. Tena kwafaa watu wengi wakichanga wakajaza kontena moja kwa ajili ya shule. Mwana asione haya kupeleka fedha badala ya kasha. Mzee apandaye baisikeli yake kila siku amepata zawadi kubwa kuliko yule mwenye chombo kizuri kisicho na tairi.

Nanyi wanafunzi, kesho twaeni utepe wa kupimia, mpime baisikeli moja ya nyumbani, mfanye hesabu ile ya 6,000. Mwandikieni ndugu yenu aliye mbali jibu mlilopata, pamoja na tarakimu zilizo ubavuni mwa tairi. Hayo mawili tu yatamsaidia kuamua vema.